Nyumba Iliyo Njiani mwa Wadi

Kiwanja alichopewa baba yangu hapa Sur kilikuwa juu, kwenye majabali, na yeye alikibadilisha kwa kingine. Serikali ilikuwa ikigawa viwanja kwa kura, na kura yake iliangukia mahali ambapo hata miiba iliota kwa taabu. Baba alikulia Ujiji, kwenye migomba na michikichi. Tulipohamia Oman mimi nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka alivyosimama juu ya lile jabali, akachokoa kwa kidole cha mguu, akasema hapa mtu atazikwa lakini hataishi.

Chini kabisa palikuwa na kiwanja cha mfuga mbuzi mmoja, mwenyeji wa hapa. Kilikuwa na udongo wa kahawia, laini, na miti miwili mikubwa iliyojiotea. Baba akamtaka wabadilishane. Yule bwana alimtazama baba muda mrefu, kisha akamwambia kwa Kiarabu cha polepole, ili mgeni aelewe, kwamba pale ni njia ya wadi, bonde kavu ambalo mvua ikinyesha milimani hushusha maji mpaka baharini. Baba akajibu kwamba maji ndiyo anayoyatafuta. Yule bwana hakutosheka. Akaita mashahidi wawili, akaitaja ile dosari ya kiwanja mbele yao mara nyingine mbili, kwa sababu ya dini yake, asije akaulizwa siku ya hukumu kwa nini alimficha Mwislamu mwenzake kasoro ya mali. Baba alirudi nyumbani anacheka. Alimwambia mama kwamba mtu anayeiponda mali yake mwenyewe namna ile bila shaka ni mkweli, na mtu mkweli hawezi kuwa na kiwanja kibaya.

Si sisi peke yetu. Mtaa wote wa chini ulijaa watu wa namna yetu, wenye asili ya Oman waliorudi kutoka Ujiji, Tabora, Bujumbura, kila mmoja amefuata udongo. Wenyeji walikaa juu kwenye mawe wakatutazama tukipanda mihogo. Upande wetu wa chini alijenga bibi mmoja wa Unguja mjini, mjane, aliyekuja na Kiswahili chake kilichonyooka na picha zake za zamani katika bahasha, na ambaye mpaka leo akinisikia nikisema "ndizi za kupika" hunicheka akaniambia, nyie watu wa bara mna kelele hata kwenye chakula.

Baba alikufa kwa ajali ya gari kwenye njia ya Ibra nikiwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa na sukari, akamfuata baada ya miaka miwili. Nyumbani tukabaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike wa miaka tisa, na wa kiume ambaye alikuwa hajafika miaka mitatu. Siku ya tatu ya msiba ndugu za baba walikaa barazani kupanga mambo. Ami wa Ibra angemchukua msichana, shangazi wa Nizwa angemchukua mtoto, na mimi ningetafutiwa mume. Walipanga kwa wema kabisa. Nikaingia, nikasalimia, nikasema sisi hatugawanyiki. Ami akaniuliza nina nini cha kuwawekea watoto wale. Nikasema, "Tuna nyumba." Sikuwa na jibu jingine, na jibu lile lilitosha. Mtu mwenye nyumba hapa huwezi kumwambia hana pa kukaa.

Nikaacha shule. Nilianza kukaanga sambusa kwa ajili ya kantini ya shule ya jirani, baadaye shule tatu, na mpaka sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Mdogo wangu wa kike ni mwalimu, ameolewa Nizwa. Yule wa kiume ni mhandisi. Sijioni kwamba nimefanya makubwa. Nilikuwa naamka, nakanda unga, nawapeleka shule, narudi. Kilichowezesha yote ni kwamba kila jioni tulikuwa na mlango mmoja wa kuufunga sisi watatu ndani.

Wadi ilikuja, kama yule bwana alivyosema. Mara ya kwanza maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, tukayafagia nje kama mchezo. Hapa wadi ikishuka ni furaha, watu hupeana hongera, hupanda magari wakaenda kuitazama, na sisi tulikuwa tukipewa hongera maji yakiwa sebuleni. Kisha kikaja kile kimbunga kikubwa. Maji yalifika kifuani kwangu. Tulikaa juu ya paa siku nzima na usiku wake, sisi na bibi wa Unguja, na tuliposhuka, friji ilikuwa imelala juu ya kitanda.

Tangu hapo nikawa fundi. Nilijenga kizingiti cha matofali matatu. Nikaweka friji na mashine ya kufulia juu ya vitako vya saruji. Vyeti vya wadogo zangu nilivitia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, nikalining'iniza darini. Mwisho nikajenga ukuta wa ua, na huo ndio niliojivunia. Fundi Mbengali alinijengea matofali mazito, tukayajaza zege na nondo, urefu wa kufika mabegani, msingi wa kufika magotini. Lango nililiwekea mifereji miwili ya chuma pembeni, ili mvua ikitangazwa niteremshe mbao tatu nene zilizopigwa mpira wa tairi. Wadi ikashuka mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili ua wetu ulibaki mkavu. Watu walikuja kuutazama ukuta. Mdogo wangu wa kiume alikuwa sekondari wakati ule, na aliniambia baadaye kwamba ni ukuta ule uliomfanya asomee maji.

Kusomea maji ndivyo ninavyosema mimi. Kazi yake ni miji inayofurika. Yuko katika timu moja inayosaidia nchi za visiwa vidogo kupanga mitaa yao ili istahimili mvua na bahari inayopanda: mifereji ipite wapi, nyumba gani zinyanyuliwe, zipi zihamishwe. Alikuwa akinitumia video kutoka Ngazija na visiwa vingine. Barabara iliyomegwa nusu kama mkate. Wanawake wanapanga mifuko ya mchanga mbele ya msikiti. Niliwaonea huruma kwa mbali, kama mtu anavyomwonea huruma mgonjwa wa ugonjwa asiokuwa nao.

Mwaka jana alinipigia simu akasema watu wa visiwani wanakuja kwa ziara. Wataonyeshwa bwawa la kuzuia mafuriko, wataonyeshwa upande wa Aija ng'ambo ya daraja, jinsi nyumba kongwe zinavyokabili bahari. Wako tisa, wamechoka na chakula cha hoteli.

"Dada, nataka wale kwetu," alisema. "Na nataka wauone ukuta."

Mdogo wangu wa Nizwa akaja siku moja kabla na chungu cha halwa. Tulipika wali wa nazi, jodari wa kukaanga, na kisamvu cha mihogo yetu wenyewe. Wageni walikuwa wanaume sita na wanawake watatu, wengi wanasema Kifaransa na Kiingereza. Mmoja tu alijua Kiswahili, mama mnene mcheshi wa Ngazija aliyesoma Unguja ujanani mwake, anayefanya kazi katika ofisi ya mji wao. Huyo alinishika mkono tangu langoni, na alipoonja kisamvu alifumba macho.

"Hii kwetu tunaiita mataba," alisema. "Nimeruka bahari yote hii kuja kula chakula cha mama yangu."

Mdogo wangu aliwazungusha kwenye ukuta, akateremsha zile mbao tatu moja moja. Walipiga picha. Yule mama wa Ngazija aligonga ukuta kwa pete yake, akatingisha kichwa, akaniambia, "Wewe ungekuwa kwetu tungekupa wizara." Kisha akasimama kwenye lango akalitazama bonde lote, lile jangwa la mawe linalokwenda mpaka milimani bila nyumba hata moja. Akageuka kwangu.

"Hebu niambie, dada yangu. Sisi tumebanwa, bahari huku, na mlima huku, na mlima wenyewe unatoa moto. Mtu wa kwetu akijenga penye maji namwelewa. Nyinyi mna ardhi mpaka macho yanachoka, mkaona mje kulala mtoni?"

Wote waliofahamu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia mwenye kosa amelala makaburini, akamwulize. Akacheka zaidi.

Baada ya chakula mdogo wangu akafungua kompyuta mezani, akawaonyesha ramani ya Sur. Ilikuwa imepakwa buluu mahali ambapo maji yatafika mvua ikizidi kama inavyozidi miaka hii. Alikuwa akieleza kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha darasa la kumi, tena cha zamani, kwa hiyo nilikuwa nakusanya sahani. Yule mama alinivuta nikakaa kando yake, akanitafsiria kwa sauti ya chini, kwa hisani tu, hakujua ananifanyia nini.

Alisema, huyu kijana anaeleza kwamba mfereji wa wadi ni mwembamba, umebanwa na nyumba, na lazima upanuliwe. Hapa kwenye mistari ya njano. Nyumba zilizomo kwenye njano zitaondolewa ili mji wote uliobaki upone. Kisha akaniambia, anasema kuna jambo tulijifunze na sisi: mtu mmoja mmoja akijilinda kwa ukuta njiani mwa maji, maji hayapotei, yanageuka tu. Yanakwenda kwa jirani, tena kwa nguvu zaidi. Anasema wamepima kwa mafuriko mawili yaliyopita, na nyumba iliyo chini ya ukuta ilizama zaidi kuliko ilivyozama zamani.

Halafu akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwanangu, na hapa tulipokaa ni wapi kwenye picha yako?"

Mdogo wangu aliinamia kompyuta. Kisha akaweka kidole na kukiondoa haraka, kama mtu aliyegusa sufuria jikoni. Kilikuwa kwenye njano. Na nyumba iliyo chini ya ukuta, iliyopakwa buluu nzito, ilikuwa ya bibi wa Unguja.

Yule mama aliuachia mkono wangu, kisha akaushika tena.

Nilikwenda jikoni. Mdogo wangu wa Nizwa alikuwa anaosha vyombo, na nilipomwambia hakushtuka, nikajua kwamba na yeye alikuwa anajua. Mdogo wangu wa kiume aliporudi kutoka kuwasindikiza wageni kwenye basi, alisimama mlangoni mwa jikoni, mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini, ameshika mlango vile vile alivyokuwa akiushika akivunja kitu. Nikamwuliza amelijua hilo lini. Akasema tangu mwaka mmoja nyuma.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri," alisema.

"Siku nzuri ya kumwambia mtu nyumba yake itavunjwa ni ipi?"

"Sijui, dada. Kule visiwani natumwa na watu, nasoma kwenye karatasi, naondoka. Hapa sikujua nianzie wapi."

Nikamwuliza nani aliyechora ile mistari ya njano. Alisema si yeye peke yake. Nikamwuliza tena. Akasema ni yeye. Alijaribu kuipitisha mahali pengine, alijaribu mara nyingi kuliko inavyofaa mpaka wenzake wakamshangaa, na kila alipoisogeza, maji yaliingia kwenye shule, au kwenye zahanati, au kwenye nyumba nyingi zaidi ya zetu. Mdogo wangu wa Nizwa akasema pale pale, bila kugeuka kutoka kwenye sinki, kwamba kwake kuna vyumba viwili vitupu na hewa ya mlimani, na samaki siku hizi wanafika Nizwa wakiwa bado wanakutazama. Alitaka tucheke. Hakucheka mtu.

Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu. Mtu niliyemnunulia daftari ili asome ameyasoma sawasawa, na haya ndiyo majibu. Lakini lile la njano si lililonisumbua zaidi. La njano lingekuja kwa barua, na barua za namna hiyo huchukua miaka, na kila mtu wa mtaa angekuwa nayo. Kilichonikaba ni ile buluu nzito.

Asubuhi yake nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, miwani puani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo hukuniletea kisamvu, umewalisha Wangazija wote?"

Nilikuwa nimeleta. Nikamwekea. Nikakaa chini. Katika mafuriko mawili yale ambayo sisi tulibaki wakavu, kwake maji yaliingia mpaka juu ya godoro. Mimi ndiye niliyekwenda na pampu kumtolea maji, mimi ndiye niliyempikia wiki nzima, na nilipewa dua nyingi kwa hayo. Katika yale ya pili, ile bahasha yake ya picha za Unguja ililowa. Harusi yake, baba yake na kanzu mlangoni mwa duka, dada zake watatu waliobaki kule. Tulizianika juu ya kanga, na zilipokauka nyuso zilikuwa zimetoka, zikabaki nguo tu. Nililia pamoja naye siku ile.

Nikamweleza ramani ilivyosema. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Aliendelea kuchambua mchele.

"Nilijua," alisema.

Nikadhani hakunielewa. Akanitazama juu ya miwani.

"Nilikuwa dirishani, mwanangu. Maji yalikuja mazima mazima, yakafika kwenye ukuta wako, yakageuka kama mtu aliyeitwa jina. Niliyaona kwa macho yangu. Hayo hayataki ramani."

"Kwa nini hukuniambia, bibi?"

"Nikwambie nini? Bomoa ukuta, mzame nyinyi? Wewe una mayatima pale."

Mayatima wenyewe wana watoto wao sasa, mmoja Nizwa na mwingine Maskati. Nikamwambia hivyo. Akasema, basi wewe bado umo. Kisha akaniambia nile kwake mchana, kisamvu kimekuwa kingi.

Nilimpigia mdogo wangu simu nikamwomba anipigie hesabu moja tu: nikiuvunja ukuta itakuwaje. Akasema ningoje mfereji upanuliwe. Nikamwuliza lini. Akasema mpango lazima upite kwenye ofisi kadhaa, kisha upimaji, kisha fidia. Miaka miwili, labda mitano. Nikasema mvua haitapita kwenye ofisi. Siku ya pili akaniletea jibu. Nikiufungua upande wa juu na upande wa chini, kwa bibi maji yatapungua shubiri moja na nusu, kwa mvua kama ile ya mwisho. Kwetu yataingia, mpaka usawa wa madirisha.

"Shubiri moja na nusu tu?" nikamwuliza.

"Mtaa una kuta nyingi, dada. Wako ni mmoja. Ukivunja peke yako unapoteza nyumba, na yeye bado analowa."

Nadhani kwa wiki tatu sikufanya kitu. Nilikaanga sambusa. Nikienda nje naupita ukuta naugusa, nikirudi naugusa. Kuuacha ulikuwa ubaya, na sasa nilikuwa naujua, haukuwa tena ubaya wa bahati mbaya. Kuuvunja ulikuwa kuifungulia wadi mlango wa nyumba niliyoapia mbele ya ami zangu, kwa ajili ya shubiri na nusu. Sikupata njia ya tatu. Nilimwuliza hata imamu, akasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, akafikiri, akasema na jirani ana haki, akafikiri tena, akaniombea dua.

Mwishowe nikamwita yule yule fundi Mbengali aliyeujenga. Alidhani anaitwa kuuongeza. Nilipomwambia, aliuzunguka mara mbili, akasema kwa Kiarabu chake cha vipande kwamba huu yeye ameujenga wenye nguvu sana, mama, kwa nini. Nikamwambia vunja tu. Yeye na mwenzake walitumia siku nne kwa nyundo na tindo, maana nondo tulizozitia zilikuwa nyingi. Siku ya nne alikuwa anaulaani ukuta wake mwenyewe. Bibi alikuja akasimama kwenye kifusi, akaniita mwendawazimu wa bara, akaenda zake. Jioni akatuma chai.

Mvua ilikuja miezi mitano baadaye, mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Hapa kwetu jua lilikuwa linawaka, mawingu yote yalikuwa milimani, ndivyo wadi inavyokuja, kwa siku ya jua. Simu zililia za tahadhari. Nilinyanyua nilichoweza. Nikaenda kumchukua bibi, nikampandisha kwangu kwenye paa, ngazi kwa ngazi, maana paa lake halina ngazi za kufaa. Kwanza tulisikia mawe, yanagongana mbali kama watu wanaoteremsha mizigo. Kisha yakaja, ya rangi ya chai ya maziwa, na matawi, na tangi la maji la mtu, na mbuzi mmoja aliyekuwa bado anaogelea.

Yalifika pale ulipokuwa ukuta. Hayakugeuka. Yaliingia uani kwangu kama mwenyeji, yakapita juu ya mihogo, yakapanda kizingiti, na nilisikia mlango wa sebuleni ukipasuka. Nyumba niliyoilinda tangu nina miaka kumi na sita, na nilikuwa juu yake nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Hakuna kitu ambacho mikono ile ingefanya. Nilitazama kwa bibi. Na kule yalikuwa yanaingia vile vile.

Bibi alitazama upande huu, akatazama upande ule.

"Leo yamegawanyika sawa," alisema. "Kama mirathi."

Kisha akalia, na mimi nikalia.

Tuliposhuka tulipima. Kwake yalikuwa yamefika chini ya godoro, si juu. Tofauti ya shubiri, labda zaidi. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia, nikitaka aniambie kwamba ni kwa sababu ya ukuta. Hakusema. Alisema mvua hii ilikuwa ndogo kuliko ile, huenda ni ukuta, huenda ni mvua, haiwezekani kujua kwa mara moja. Nilitamani angenidanganya, lakini sikumlea hivyo.

Wiki ile alikuwa Ngazija. Aliniambia yule mama ananisalimu, na kwamba mtaa wake nao umo kwenye ramani yao, tangu kabla ya ile ziara. Alikuwa anajua alipokuwa akinitania langoni. Sasa anagombana na wenzake wa mtaani, yeye ndiye anayetakiwa kuwashawishi watu wahame na yeye mwenyewe hajahama. Nikamwuliza watawapeleka wapi. Akasema hapo ndipo penye kazi, huko juu mlimani ardhi wanayopewa ni mashamba ya watu wengine. Nikamwambia amsalimu.

Watu wa upimaji walikuja mwezi uliopita. Ni vijana wenye adabu, walivua viatu ingawa sakafu ilikuwa matope makavu. Walipima vyumba, wakapima ua, wakaandika namba nyekundu karibu na mlango. Nikawauliza lini. Wakasema barua itakuja. Nikawauliza kiwanja kipya kiko wapi, wakasema huenda ni juu, kwenye njia ya kwenda Ibra, bado haijaamuliwa. Nyumba ya bibi haikupigwa namba. Yake itabaki, ukingoni mwa mfereji. Mdogo wangu anasema yetu ikiondoka, ya bibi itakuwa salama, na hilo amelipima mara nyingi na ana hakika nalo. Bibi mwenyewe anasema salama ya kukaa peke yake na mfereji aliiomba nani.

Lipu imeanguka vyumba vyote mpaka usawa wa kiuno, na mahali pengine tofali limebaki wazi, lenye chumvi. Fundi alikuja juzi kuangalia. Aliona namba nyekundu, akaisoma, akaniuliza apige lipu au asipige. Barua ikija kesho, lipu ni upuuzi. Isipokuja kwa miaka mitano, siwezi kuishi kwenye kuta zinazomwagika. Nikamwambia angoje nifikiri. Akasema sawa, akakaa kwenye ndoo yake, akangoja kweli, akinitazama. Mwisho nikamwambia apige lipu ya jikoni peke yake, maana shule zinafungua Jumapili, ambayo hapa ni siku ya kazi, na sambusa lazima zikaangwe, vyumba vingine aviache. Amesema atakuja Jumamosi.